Walitafuta Kinu, Wakaokota Punje: Uchambuzi wa Kisa cha Cosmos 954

Kwa nini kisa hiki

Chombo cha angani kisicho chetu kikianguka, jeshi ndilo huitwa kwanza, na mara nyingi huitwa kabla mtu yeyote hajajua kwa hakika ni nini kilichoanguka. Watu wengi wakisikia habari ya namna hiyo huwaza viumbe wa sayari nyingine. Jambo lililokwisha kutokea kweli, na linaloweza kutokea tena, ni chombo cha taifa jingine kushuka kikiwa na shehena ya hatari juu ya ardhi ya watu ambao hawakuulizwa wala kuarifiwa. Mfano uliowekewa kumbukumbu nyingi ni wa setilaiti ya Kisovyeti Cosmos 954, iliyoanguka kaskazini mwa Kanada tarehe 24 Januari 1978 ikiwa imebeba kinu cha nyuklia.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kikosi kilichokishughulikia kilikuwa hodari. Kilikuwa na ndege, wataalamu, fedha na uungaji mkono wa serikali mbili. Pamoja na hayo yote, nguvu yake kubwa ya siku za mwanzo ilielekezwa kwenye vipande vikubwa vya chuma, ilhali hatari iliyokuwa karibu zaidi na makazi ya watu ilikuwa katika punje ambazo jicho lisingeweza kuziona juu ya theluji. Uzembe una dawa inayojulikana, lakini kosa la mtu hodari ni gumu kulitambua, na ndilo linalostahili kusomwa kwa makini.

Majina ya maofisa, wanasayansi na raia nimeyaondoa, pamoja na maelezo yanayoweza kumtambulisha mtu. Tarehe, mahali na hesabu za fedha nimeziacha kwa kuwa ni kumbukumbu za wazi za serikali.

Usuli

Cosmos 954 ilirushwa tarehe 18 Septemba 1977. Kazi yake ilikuwa kufuatilia meli za kivita baharini kwa rada. Rada ya namna hiyo inahitaji umeme mwingi na inahitaji kuwa karibu na dunia, na chombo kinachozunguka chini namna hiyo kikibeba mabawa makubwa ya kunasa nguvu za jua, hewa kidogo iliyopo huko juu hukivuta na kukishusha upesi. Wahandisi wa Kisovyeti walitatua tatizo hilo kwa kuweka kinu kidogo cha nyuklia kilichotumia urani iliyorutubishwa. Setilaiti ikimaliza muda wake, sehemu yenye kinu ilitakiwa kujitenga na kupandishwa juu sana, umbali wa kilomita mia kadhaa zaidi, ikae huko kwa karne nyingi mpaka sumu yake ipungue.

Safari hii mpango huo haukufanya kazi. Kuelekea mwisho wa mwaka 1977 wafuatiliaji wa anga wa Marekani waliona mwenendo wa chombo hicho si wa kawaida, na tarehe 6 Januari 1978, kama Wasovyeti wenyewe walivyokuja kueleza, kilipoteza hewa yake ya ndani na kikaacha kudhibitika. Tarehe 12 Januari mshauri wa rais wa Marekani alimwita balozi wa Kisovyeti na kumuuliza waziwazi. Jibu lililotolewa katika mawasiliano hayo lilikuwa kwamba kinu kilibuniwa kiungue na kuteketea kikiingia katika tabaka nzito za hewa. Washirika kadhaa wa Marekani walijulishwa kwa siri. Wananchi hawakuambiwa, kwa hoja kwamba taarifa isiyo na mahali wala saa ingezua taharuki.

Hoja hiyo ilikuwa na uzito wake, na msomaji anayetaka kuihukumu aangalie kwanza hesabu. Chombo kilichoko katika mzunguko wa chini hukimbia takriban kilomita 7.8 kwa sekunde moja. Ukikosea dakika moja tu katika kubashiri wakati wa kuanguka, umekosea zaidi ya kilomita 450 za ardhi. Ukikosea saa moja, umehama bara. Kwa hiyo hakuna kamanda aliyeweza kupeleka watu mahali fulani wakangoje. Kilichowezekana kilikuwa kuweka ndege tayari na watu karibu na ndege.

Vikosi viwili vilikuwa katika hali hiyo. Upande wa Kanada kulikuwa na timu ya jeshi iliyokuwa na makao Edmonton, iliyofunzwa kushughulikia ajali za nyuklia. Upande wa Marekani kulikuwa na timu ya kitaifa ya kutafuta vitu vya nyuklia, iliyoundwa katikati ya miaka ya 1970 baada ya mtu kutishia mwaka 1974 kulipua bomu la nyuklia katika jiji la Boston. Asili hii ya timu ya Kimarekani ina uzito katika kisa chetu. Watu wake walikuwa wameandaliwa kutafuta kitu kimoja kilichofichwa mjini, kati ya majengo na barabara, na mazoezi yao yote yaliwafundisha kuuliza swali moja: kiko wapi?

Mfululizo wa matukio

Setilaiti iliingia katika anga la Kanada kutoka upande wa Bahari ya Pasifiki, ikielekea kaskazini-mashariki. Ilikuwa saa 11 kasoro dakika 7 alfajiri kwa saa za Yellowknife, mji mkuu wa Maeneo ya Kaskazini-Magharibi. Watu wachache waliokuwa macho wakati huo waliona mwanga ukipita angani ukiacha vipande vinavyowaka nyuma yake. Rais wa Marekani alimpigia simu waziri mkuu wa Kanada asubuhi hiyohiyo, akatoa msaada, na msaada ukakubaliwa.

Ndani ya saa chache timu ya Edmonton ilikuwa imewasili Yellowknife na kuanza kupima mionzi katika mji wenyewe, na ndege za mizigo kutoka Marekani zilikuwa njiani zikileta wataalamu na mitambo. Operesheni ikapewa jina la Morning Light. Kanali wa jeshi la Kanada akawekwa kuwa kamanda, na Wamarekani wote wakafanya kazi chini ya uongozi wake.

Njia ya kuanguka ilikadiriwa kuanzia upande wa Ziwa Great Slave hadi karibu na kijiji cha Baker Lake upande wa mashariki, ukanda wa kilomita mamia kadhaa usio na barabara, wenye maziwa yaliyoganda na miti mifupi inayozidi kupungua kadiri unavyokwenda kaskazini. Baridi ilifika nyuzi 40 chini ya sifuri. Ndege za Hercules zilipangwa kuruka chini kwa mistari sambamba, kila moja ikiwa na mtambo wa kunasa mionzi ya gama.

Mtambo uliong'ara kuliko mingine yote ulitoka kwa wanajiolojia wa serikali ya Kanada. Wao kazi yao ya kila siku ilikuwa kuruka juu ya nchi wakitafuta urani ardhini. Miamba ya kaskazini mwa Kanada ina urani na thori ya asili, madini yanayotoa mionzi yenyewe, na karibu na Baker Lake hasa vipimo vilipanda kwa sababu ya miamba yenyewe, mpaka ikaonekana kana kwamba kitu cha setilaiti kimepatikana. Kipimo kinachosema tu kwamba kuna mionzi hakikufaa hapo. Ule wa wanajiolojia uliweza kupambanua mionzi ya mwamba na mionzi ya mabaki ya kinu, kwa kuwa kila kimoja kina sura yake. Siku chache baada ya anguko ndio ulioonyesha dalili za kwanza za kweli juu ya barafu ya upande wa mashariki wa Ziwa Great Slave.

Lakini kipande cha kwanza kuonwa kwa macho hakikuonwa na jeshi. Tarehe 28 Januari vijana wawili, kati ya wasafiri sita waliokuwa wakipisha majira ya baridi katika kibanda kando ya Mto Thelon, walikuwa safarini kwa sleji za mbwa. Juu ya barafu ya mto wakakuta shimo, na kutoka ndani yake vyuma virefu vilivyopinda vimechomoza juu kama pembe za kulungu. Hapakuwa na kitu kingine chochote kilichotengenezwa na binadamu kwa umbali mrefu kila upande. Mmoja wao alikaribia, akakigusa kwa mkono uliovaa glavu. Hawakuwa na habari yoyote ya setilaiti. Waliporudi kibandani ndipo wenzao, waliokuwa wamesikia taarifa kwa redio, walipowaeleza ni nini huenda wamekigusa. Wakatoa taarifa Yellowknife. Wanajeshi wakafika, wakawapima, wakawaondoa wote sita kwa ndege kwa uchunguzi zaidi, na ikathibitika kwamba hawakuwa wamedhurika.

Pale Thelon jeshi likajenga kambi. Tingatinga lilidondoshwa kwa parachuti ili kusafisha theluji juu ya ziwa lililo karibu, Hercules zipate kutua juu ya barafu. Kutoka hapo helikopta zikawa zikienda kila mahali ambapo ndege zilikuwa zimeweka alama, watu wakashuka na vipima-mionzi vya mkononi, wakaokota. Vilipatikana vipande vya metali ya berili, mirija, mabamba. Kulikuwa na kipande kimoja ambacho mionzi yake ilikuwa kali kiasi kwamba mtu akikaa nacho karibu kwa saa chache angeweza kufa. Vipande vilitiwa katika makasha yaliyokingwa kwa madini ya risasi na kupelekwa katika maabara ya utafiti wa nyuklia ya Whiteshell, mkoa wa Manitoba.

Kisha kikaja kitu ambacho hakikuwa katika mpango. Upande wa kusini wa Ziwa Great Slave, nje kabisa ya mstari wa kuanguka, wapimaji walianza kukuta alama ndogondogo zilizotawanyika bila mpangilio. Walipochota theluji na kuigawa fungu baada ya fungu, wakipima kila fungu, walibaki na punje ya duara isiyozidi milimita moja, nyingine hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Zilikuwa ni mafuta ya kinu yaliyoyeyuka angani na kuganda tena. Vipande vizito vilikuwa vimeendelea mbele kwa kasi ya chombo. Punje zilikuwa zimepoteza kasi juu sana, zikachukuliwa na upepo polepole kuelekea kusini, zikashuka juu ya eneo kubwa lenye makazi ya watu: Snowdrift ambayo leo inaitwa Łutsël K'e, Fort Resolution, Hay River, Fort Smith. Ramani ya utafutaji ikapanuka hadi kilomita za mraba 124,000.

Awamu ya kwanza ilifungwa tarehe 20 Aprili 1978. Ya pili, ya kusubiri theluji iyeyuke na kupita tena katika vijiji, kambi na kingo za maji, ikaendelea hadi tarehe 15 Oktoba.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kukubali Wamarekani lakini kuwaweka chini ya kamanda wa Kanada. Sababu ya kisiasa inaonekana wazi: ardhi ni ya Kanada. Sababu ya kikazi ilikuwa nzito zaidi. Waliojua kuishi katika baridi ile, kuendesha ndege ndani yake na kusoma barafu ya ziwa kama inabeba mzigo walikuwa Wakanada, na katika siku za kwanza baridi ilikuwa na uwezo wa kuua mtu haraka kuliko mionzi yoyote iliyokuwa imepatikana. Vifaa vilivyobuniwa kutumika katika mitaa ya mji havikupata barabara ya kupita.

Uamuzi wa pili ulihusu mwenye chombo. Wasovyeti walijitolea kutuma wataalamu wao Kanada. Serikali ikakataa kuwapokea, ikaomba badala yake maelezo: kinu kina nini, kimejengwaje, kinatarajiwa kuvunjikaje. Majibu yalichukua wiki kadhaa na hayakukidhi yote yaliyoulizwa. Nimewahi kusikia wakufunzi wakiusifu uamuzi huu kwa moyo wote. Mimi nausifu nusu. Kulinda eneo lisiingiliwe na watu wa taifa lililokosa ilikuwa haki ya Kanada, lakini mtu aliyejenga kinu angeweza kusema katika siku ya kwanza kama kilibuniwa kuvunjika vipande au kusagika. Kwa kuwa maelezo hayakuwapo, kikosi kilifanya kazi kwa kukisia, na makisio yake yaliegemea yale ambayo vifaa vyake vilijua kuyatafuta.

Uamuzi wa tatu, wa kurusha ndege kwanza juu ya mstari wa kuanguka, ulikuwa na mantiki. Vipande vikubwa vina mionzi mikali, mtu mmoja akikiokota kimoja anaweza kufa, na ndege huvigundua kwa urahisi. Kwa kamanda mwenye ndege chache na mchana mfupi wa Januari, kuanza na kinachoua haraka ni sahihi. Tatizo lilikuwa kwamba swali la pili, lile la kinu chenyewe kimegeuka nini, lilikawia kupewa watu wake. Ratiba ya ndege ilipangwa kwa kufuata mstari, na mstari ulikuwa umechorwa kwa ajili ya vitu vizito.

Uamuzi wa nne ulikuwa kubadili ramani punje zilipoonekana. Hapa nawapa heshima kamili. Ni vigumu sana kwa operesheni iliyokwisha kujenga kambi, kushusha tingatinga na kutangaza mafanikio kukubali kwamba eneo lenye watu liko upande mwingine. Walikubali, wakapeleka wapimaji wa miguu vijijini, na kazi ya kuchota theluji kwa koleo ikachukua mahali pa kazi ya kuruka.

Matokeo

Vilipatikana vipande vyenye uzito wa jumla wa takriban kilo 65, pamoja na punje zilizokusanywa katika makazi. Vipande vyote isipokuwa viwili vilikuwa na mionzi. Kiini cha kinu chenyewe hakikupatikana, kwa kuwa hakikuwepo tena kama kitu kimoja: makadirio ya wataalamu wa Kanada ni kwamba karibu robo ya mafuta yake ilishuka juu ya nchi kwa namna ya punje, na sehemu kubwa iliyobaki ikawa vumbi laini sana lililobaki juu angani. Vipimo vya hewa, maji ya kunywa, udongo na chakula havikuonyesha uchafuzi. Hakuna mtu aliyeripotiwa kufa kwa mionzi ya Cosmos 954.

Gharama yote ilifika dola za Kanada 13,970,143.66. Kanada iliwasilisha madai ya dola 6,041,174.70 kwa kutumia mkataba wa mwaka 1972 unaolifanya taifa lililorusha chombo liwajibike kwa madhara yake. Tarehe 2 Aprili 1981 Wasovyeti walikubali kulipa dola milioni 3, na shauri likafungwa.

Uchambuzi

Nimesema kikosi kilikuwa hodari, na sina budi kuonyesha ni wapi. Uongozi mmoja ulisaidia. Watu wa mataifa mawili, jeshi, wanasayansi wa raia na polisi waliweza kufanya kazi katika baridi kali kwa miezi bila kupoteza mtu kwa mionzi. Jambo lililofanikiwa zaidi, kwa maoni yangu, lilikuwa kuwaingiza wanajiolojia mapema. Mtambo wao haukununuliwa kwa ajili ya dharura. Ulikuwa chombo cha kazi cha watu wanaoruka juu ya nchi ile kila mwaka na wanaojua sura ya mionzi ya kila mwamba, na ndiyo maana uliweza kunyamazisha kelele za ardhi na kuacha sauti ya kitu kigeni isikike. Nchi zetu nazo zina idara za jiolojia zilizopima mionzi ya asili kwa ajili ya kutafuta madini. Sijaona zoezi hata moja la maafa katika ukanda wetu ambamo ofisa wa idara hiyo amekaa meza moja na kamanda.

Palipofeli ni katika swali lenyewe. Kikosi cha kutafuta bomu mjini huuliza kitu kiko wapi. Kwa kitu kilichopita katika moto wa angani swali la kuuliza kwanza ni kimekuwa nini, kwa maana jibu la swali hilo ndilo linaloamua mahali pa kutafuta. Kizito hufuata mwendo wa chombo na chepesi hufuata upepo, kama apetaye nafaka anavyojua: mchele hubaki kwenye ungo, makapi huenda upande upepo unakokwenda. Wataalamu wa upepo wa tabaka za juu walikuwapo Kanada, na ramani ya pili ingeweza kuchorwa siku ileile iliyochorwa ya kwanza, hata kama ingesubiri ndege. Kuwa na ramani mbili mezani kungembana kila aliyekuwa akiamua ratiba aseme kwa nini leo anafuata hii na si ile.

Kushindwa kwa namna hii kungekuwa na bei kubwa zaidi chombo kingeangukia mji. Katika mji hakuna uwezekano wa kuchota theluji fungu baada ya fungu. Punje zingeingia katika mabati, mitaro, matairi na nyayo za viatu, na katika saa za kwanza askari wangekuwa wamelizunguka shimo lenye chuma kikubwa, wakiwasukuma watu nyuma kuelekea mitaa ambayo upepo umeshapita. Anayeandaa mpango wa mji aanze na picha hiyo.

Jambo la pili ni nani hufika kwanza. Katika Thelon walifika wasafiri wenye sleji. Tarehe 30 Desemba 2024, katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni nchini Kenya, pete ya chuma ya roketi yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 ilianguka, na wanakijiji ndio waliotoa taarifa kabla ya Wakala wa Anga wa Kenya na vyombo vya usalama kufika na kulidhibiti eneo. Pete ile haikuwa na mionzi. Lakini ukiweka visa hivi viwili pamoja unaona kwamba kituo cha kwanza cha kamanda ni raia ambaye hajui kitu na mkono wake uko karibu na chuma. Yule kijana wa Thelon aliokolewa na kugusa kidogo na kuondoka. Wenzake walikuwa na redio; yeye safarini hakuwa nayo. Ukimya wa wiki mbili kabla ya anguko, uliokusudiwa kuzuia taharuki, ulikuwa na maana kwamba mtu yeyote aliyekuwa kaskazini mbali na mji hakuwa na sababu ya kuogopa chuma alichokikuta. Sentensi moja ya redio iliyorudiwa kila siku, ikisema kwamba mtu akikuta chuma asichokijua asikiguse na aseme alipokiona, haikuhitaji kujua chombo kitaangukia wapi.

Jambo la tatu ndilo linalonigusa zaidi. Wenyeji wa kusini mwa ziwa lile ni Wadene, na upande wa Baker Lake ni Wainuit. Chakula chao ni kulungu wa kaskazini, samaki, na maji ya ziwa yanayotekwa moja kwa moja. Mtaalamu akija na mavazi ya kujikinga, akapima kizingiti cha mlango, akaondoka na theluji katika mfuko wa plastiki na kusema hakuna hatari, mwenye nyumba ameshaona kwamba maneno na matendo hayalingani. Kiwango cha mionzi kilielezwa kwa vipimo ambavyo havikuwa na jina katika lugha za hapo. Na swali ambalo wazee walikuwa nalo halikuwa la kizingiti. Lilikuwa la kulungu, ambaye anatembea mamia ya kilomita akila laikeni, ukoga unaoota juu ya mawe na ardhi na kupokea chochote kinachoshuka kutoka hewani, kisha anakuja kuliwa na watoto. Miaka mingi baadaye watu wa jamii zile bado walikuwa wakilizungumzia jambo hilo.

Kikosi kilikuwa na jibu la sehemu kubwa ya swali hilo, kwa kuwa chakula kilipimwa. Jibu lilikwenda katika ripoti. Kwa nafasi kama ile ningemtaka kamanda achague wawindaji wawili wanaoaminiwa na kijiji, wafundishwe kushika kipima-mionzi wao wenyewe, wapime nyama waliyoiwinda, na wao ndio waseme kwa lugha yao walichokiona. Kazi hiyo ingegharimu sehemu ndogo ya saa moja ya kurusha Hercules.

Inafaa mwisho kuzitazama tena zile hesabu zilizopelekwa Moscow. Zilihusu gharama za kutafuta, kuokota na kusafisha: ndege, mafuta, mishahara ya ziada, vifaa, usafirishaji wa vipande. Zilipangwa kwa uangalifu hadi senti ya mwisho, gharama yote ya awamu ya kwanza dola 12,048,239.11, ya pili dola 1,921,904.55, na sehemu tu ya hizo ndiyo iliyodaiwa. Ndani yake hamna mstari wa mwindaji aliyeacha nyama yake porini majira yale kwa kuogopa, na hakuna aliyetumwa kumuuliza ilikuwa na thamani gani.